Mahindi ya Mkwe

Verlene alipomaliza kumimina mahindi alishika tawi ili ainuke, na kiganja chake kikanata. Utomvu. Tawi lilikuwa limekatwa karibuni.

Kilishio cha kulungu alikitengeneza mkwewe: bomba la plastiki refu kama mtu, limefungwa kwa mikanda kwenye mwaloni, chini lina kiwiko cha kutolea mahindi. "Mama, utakuwa unawatazama huku unakunywa kahawa," alimwambia. Mkwe huyo huyo ambaye hajaugusa mfereji wa jikoni kwake Verlene, unaovuja tangu Pasaka!

Verlene akageuka kuitafuta nyumba yake. Haikuonekana, mierezi ilikuwa imeiziba yote. Kahawa gani hiyo?

Lakini upande wa pili matawi yalikuwa yamefyekwa, uwazi umenyooka kama uzi mpaka kwenye kibanda kipya cha mbao, kimesimama juu ya miguu minne, kidirisha chake chembamba, cha kupitishia bunduki, kinamtazama yeye. Na Jumamosi Texas nzima ingefungua msimu wa kuwinda.

Akamkumbuka kulungu jike anayechechemea, yule anayekuja barazani kula maganda ya tofaa mkononi mwake.

"Vipi Mama, wameshazoea kuja?" Mkwewe alikuwa anakuja na gunia jingine begani.

"Tua hilo gunia, mwanangu, uje hapa," Verlene alisema kwa sauti tamu. "Inama. Sogeza mdomo kwenye mahindi, kama unakula. Eeh, hapo hapo. Sasa inua kichwa, uniambie unaona nini."