Maneno ya Mkuu wa Stesheni

Midomo ya mkuu wa stesheni ilikwisha kufungwa, na bado maneno yalikuwa yakimtoka.

"Mke wangu, upande wako wa kitanda nautandika kila asubuhi, na hakuna aliyeulalia. Birika kubwa nimelipandisha juu ya kabati. Mtu mmoja huchemsha maji ya kikombe kimoja."

Sauti ilikuwa ya Msemaji, mzee aliyeketi chini ya pazia la picha na kipaza sauti chake, akiwafasiria watu ile filamu ya ugenini, nyeusi na nyeupe. Ukumbi ule uliionyesha kila Jumamosi alasiri, huu ukiwa mwaka wa tisa. Watazamaji walikuwa kumi na wawili, wale wale, na waliijua kama viganja vyao.

Safu ya nyuma aliketi mwanamke waliyemwita Shangazi. Miaka thelathini aliishi katika nchi ilikotoka filamu ile, akamzika mumewe huko, kisha akarudi nyumbani kwa kaka yake. Humo alisalimiwa asubuhi, akasalimiwa jioni, na baina ya salamu mbili hizo hapakuwa na aliyemwuliza neno. Walipotaka kujua kwa nini haikosi filamu ile ile moja, alijibu, "Nakuja kusikiliza."

Taa zikawaka, mabishano yakaanza.

"Mmeona?" akasema kinyozi. "Mdomo umefungwa, maneno yanaendelea! Mwongozaji gani mwingine angethubutu? Huyu kaiga michezo ya vivuli, nawaambieni."

"Vivuli vya nani?" fundi saa akamkatiza. "Huyu kanywa kisima cha washairi. Lile birika ni ubeti mzima, wewe unaona bati tu! Shughulika na nywele, bwana. Yaliyomo vichwani tuachie sisi."

"Wote hamjui kitu," akasema mkunga mstaafu. "Kafunzwa na mama yake. Maneno kama yale hayatoki chuoni, yanatoka jikoni."

Msemaji alikuwa akikunja waya wake. Ndipo mwenye ukumbi akasimama mbele ya pazia.

"Jamaa zangu, mzee wetu sauti inamkauka. Tena wapo wanaonong'ona kuwa anabahatisha. Nataka niagize tafsiri ya maandishi, ikae chini ya picha, naye akapumzike nyumbani."

"Nyumbani na nani?" akauliza kinyozi. "Si kuta tupu zile!"



"Lakini sipendi kumdhulumu mtu," mwenye ukumbi akaendelea. "Shangazi, wewe lugha ile umeizungumza mpaka ndotoni. Tuambie, anafasiri sawasawa? Ukisema ndiyo, anabaki, na maneno yamekwisha."

Vichwa vikageuka. Msemaji akauacha waya, akainamia sakafu, mikono yake imeshikana.

Shangazi aliinuka taratibu. Alikuwa mtu wa swala, na aliujua uzito wa ushahidi: ulimi hauna mfupa, lakini una siku yake ya kuulizwa. Aliifikiria Jumamosi isiyo na sauti ile. Akakiona chumba chake kwa kaka yake, dirisha lililotazama ukuta wa jirani, na saa ya mezani ikigonga bila ya kuwa na miadi na mtu.

"Nimeishi na watu wale miaka thelathini," akasema. "Katika miaka yote hiyo, sikupata kusikia maneno ya kweli kuliko haya."

Makofi yakarindima. Fundi saa akaapa kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Kinyozi akamwambia asijitie ujuzi, jana tu alikuwa na shaka. Msemaji peke yake hakushangilia. Aliinua uso, akamtazama Shangazi kwa macho yenye hofu zaidi kuliko shukrani.

Jumamosi iliyofuata, Shangazi alihamia safu ya kwanza, hatua mbili kutoka kwenye kipaza sauti. "Mke wangu," mzee akaanza, na sauti yake ikatetemeka. Juu yao, kwenye pazia, kwa lugha ambayo Shangazi peke yake ukumbini aliielewa, mkuu wa stesheni alikuwa akiwatangazia abiria kwamba treni ya saa mbili imechelewa, ya saa nne imefutwa, na mizigo isiachwe bila mwenyewe.