Mmoja kwa Kila Kaya

Nathanaeli alizima pikipiki kabla ya kufika uani, maana hakutaka mzee Mazengo apate muda wa kutunga uongo. Njia nzima kutoka Mlali alikuwa akiyapanga maneno, na yote yalikuwa makali.

Alikuja na mambo mawili. La kwanza lilikuwa habari ambayo hakuna aliyeijua kijijini: shirika lao la kusomesha watoto linafunga. Wafadhili wamejitoa, ofisi ya Makole inarudishwa kwa mwenye nyumba, na watoto waliopelekwa shule ya bweni Jumatatu ndio wa mwisho. Baada yao hakuna mwingine. Hilo angemwambia mwenyekiti wa kijiji jioni. La pili lilikuwa la mzee Mazengo peke yake.

"Shikamoo, mzee," alisema, kwa sababu adabu ni adabu hata ukiwa umefura kwa hasira.

"Marahaba, mwalimu. Mbukwenyi," aliongeza salamu ya Kigogo. "Kaa." Mzee aliacha kuziba zizi kwa matawi ya miiba, akamsogezea kigoda.

Nathanaeli hakukaa. Anjelina, binti mdogo wa nyumba ile, alikuwa ameegemea ukuta wa tembe, mguu wake uliosinyaa tangu utotoni ameukunja chini ya kanga. Ukuta nyuma yake ulijaa hesabu zilizoandikwa kwa mkaa. Mwandiko ulikuwa wa Erica, dada yake. Nathanaeli aliujua vizuri, na kuuona pale kulimtonesha.

Erica alikuwa mtoto ambaye mwalimu humpata mara moja tu maishani. Kila Jumamosi, siku ya masomo ya shirika, alimbeba Anjelina mgongoni mpaka darasani, akamketisha, kisha akajibu maswali mpaka wenzake wakanuna. Kitanda cha bweni kilikuwa chake hata kabla ya mtihani wa mchujo. Asubuhi ya mtihani ule, Oktoba, Nathanaeli aliwatia moyo watoto, akawakumbusha na utaratibu alioupendekeza mwenyewe ili nyumba nyingi zifaidike: shirika linachukua mmoja kwa kila kaya, basi msioneane wivu. Kisha akagawa karatasi, na Erica akafeli.

Tena alifeli ajabu. Maswali yalikuwa ya kuchagua jibu; hata mbuzi angeikanyaga karatasi ile, kwato zake zingeangukia mawili matatu ya sahihi. Erica hakupata hata moja. Na mtu hawezi kukosa yote bila kuyajua yote.

Nathanaeli alizaliwa huku huku, akajua binti hukosa yote kwa amri ya nani. Dada yake mwenyewe aliitwa na baba yao siku moja kabla ya mtihani wa darasa la saba, akaambiwa aandike uongo. Akatii, akaozwa kabla ya mavuno. Nathanaeli hajamsamehe baba yake mpaka leo, wala hakukusudia kumsamehe mzee Mazengo.

"Ulimwambia afeli," alisema. "Nafasi ameshapewa mtoto mwingine, na haitarudi. Nimekuja ujue tu kwamba najua."

Mzee alimtazama. Hakukasirika, na hilo lilimvuruga Nathanaeli kuliko matusi. Aliingia ndani, akatoka akiburuza tranka la bluu, jipya, kufuli lake bado linang'aa.

"Niliuza ndama nikanunua hili," alisema. "Sasa tumewekea mbegu za karanga, panya wasile. Waliokuja kumposa niliwarudisha na ng'ombe wao, nikawaambia mtoto wangu ni wa shule. Wakanicheka. Juzi wamekuja tena, mwalimu, na safari hii sikuwa na la kuwaambia." Alilipangusa tranka vumbi kwa kiganja. "Wewe uliyesoma, hebu niambie. Yule mtoto alipatwa na nini?"

Nathanaeli akakaa. Akaomba radhi kwa sauti ndogo. Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye miiba yake.

Erica alitokea kisimani na ndoo kichwani. Alikuwa amekonda. Aliposema shikamoo macho yake yalikuwa chini, na Nathanaeli akamfuata mpaka nyuma ya jiko, ambako baba asingesikia.

"Nani alikwambia ukosee?"

"Hakuna, mwalimu."

"Mama?"

"Mama alilia matokeo yalipokuja."

"Erica, mimi si mtoto. Wewe yale maswali uliyajua."

Msichana akatua ndoo taratibu, maji yasimwagike. Akachungulia upande wa ukutani, ambako Anjelina alikuwa akinong'ona namba na kuzifuatisha kwa kidole. Hapo ndipo Nathanaeli alipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mtihani.

"Baba asijue," alisema. "Mimi miguu ninayo, mwalimu. Nitalima, nitaolewa, nitaishi. Yeye hata maji hawezi kuchota. Akibaki hapa, nani atamtunza? Na ninyi mnachukua mmoja kwa kila kaya. Mwaka huu ameingia la saba, namfundisha kila siku. Oktoba mkirudi, mtamkuta yuko tayari."