Pazia la Wabunge

Kila uchaguzi ulipokwisha, Bi Nyamizi, fundi cherehani wa mji ule, alikata picha ya mshindi kwenye khanga ya kampeni, akaiunga kwenye pazia la ukumbi wa jimbo, kisha akapinda ukingo wake. Wabunge wote walikuwa humo, wengine wamepauka kwa jua, wote wanaume.

Safari hii aliyeshindwa alikuwa bintiye, Sikudhani. Watu walijaa ukumbini waone kama mama ataleta hila. Hakuleta. Alimshona mshindi kwa uzi imara, akampiga pasi, akasema, "Hongera zake. Kashinda kihalali."

Kisha akafunika cherehani.

"Mama," Sikudhani alinong'ona, macho chini, "umesahau kupinda ukingo. Utachanika."

"Sijasahau," Bi Nyamizi alijibu kwa sauti, ukumbi mzima usikie. "Wale nilipinda kwa sababu sikujua nani atafuata. Safari hii namjua. Haya, inua kichwa, shika huko tutundike."

Sikudhani akainua kichwa, akashika. Pazia likapanda, na chini ya uso wa mshindi nyuzi za ukingo zikawa zinacheza kwa upepo wa dirishani.