Ndevu za Kombe la Australia

"Wallahi ni kweli tupu! Nikidanganya, ninyoeni!" Mzee Mahfudh aliapa kinyozini, Brooklyn Center, akizipapasa ndevu alizozipaka hina kwa ajili ya kwenda kuposa kesho. "Historia ya lile kombe la Australia linalochezwa kabla ya ligi kuanza ilianza na mimi. Fainali ya kwanza nilipiga shuti, wavu ukachanika!"

Kinyozi, Mkongo, akampigia simu dada yake anayeishi Melbourne, spika wazi, akamsimulia.

"Wavu gani, papa?" dada akacheka, akimwita "baba" kikwao. "Mpira wa kombe hilo una umbo la yai. Goli ni nguzo nne tu, halina wavu."

Wateja wawili wakamshika mabega.

"Wanangu, kesho naposa," Mahfudh akanong'ona.

"Tulia, papa," kinyozi akasema.

Mashine ikanguruma. Ndevu za kwanza, nyekundu, zikamwangukia mapajani.