Redio ya Kushoto

Yule mharibifu akaanza tena redioni, tik, taa, tik, katikati ya neno. Bartholomayo akamtukana kwa Kimakonde, akavua visikilizio masikioni na kuvitupa mezani.

Mbele yake zilikaa redio mbili mpya za Bwana Nukta. Kazi ya mzungu yule ilikuwa kujenga barabara, lakini mapenzi yake yalikuwa simu ya upepo, na watu wa Masasi hawakukosea kumpa jina hilo. Hakuwa na mke wala mbwa. Alikuwa na nukta na mistari, herufi za simu hiyo. Kila mwaka wazungu wenye ugonjwa kama wake hushindana kuitana hewani kutoka pande zote za dunia, wote kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayenasa wengi bila kukosea herufi. Safari hii Bwana alitaka kushinda. Alikuwa anahamia Dar es Salaam, na angemchukua msaidizi mmoja tu: ama Bartholomayo, ama Fikirini, aliyemtunzia mtambo wake mwingine huko Newala.

"Kesho nikirudi kutoka Newala," alikuwa amesema jana, "uniambie redio ipi ibaki na ipi irudi dukani. Fikirini atakupigia kutwa nzima. Ukikosa neno lake hata moja, yeye ndiye atakayekwenda Dar."

Bartholomayo aliitaka Dar kuliko alivyowahi kutaka kitu. Tena kushindwa na mwingine angestahimili, lakini si Fikirini. Walijifunza kazi hiyo pamoja katika jeshi la Keya, wakaponea pamoja vitani Bama, ila Fikirini alikuwa mtani wake, na mtani hana haya. Siku alipozikwa baba yake Bartholomayo, Fikirini alitangulia kulala kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Mtu wa namna hiyo akikutangulia Dar, atakucheka mpaka ufe.

Redio ya kulia ilisikia sauti moja tu uliyoichagua, nyingine zote ikazifungia nje. Ya kushoto ilikuwa na masikio mapana. Ilileta radi za Newala, ikaleta wapigaji wa mbali, na tangu asubuhi ikamleta yule mharibifu. Isitoshe, ilichelewa kupata moto. Siku nyingine hilo lisingemsumbua, maana mkewe, Anjelina, alikuwa mfanyakazi wa nyumba ile ya Bwana, na yeye ndiye aliyepangusa mitambo ya Bwana na kuiwasha mapema, ya nyumbani na ya kwenye Landrova. Lakini Anjelina alikuwa amekwenda kwao Newala kwenye unyago wa mpwa wake, na angerudi leo hii, kwa gari hilo la Bwana.

Kila mpigaji ana mkono wake. Unamjua kwa mkono kama unavyomjua jirani kwa mwendo. Huyu mharibifu hakuwa na mkono hata kidogo. Alidonoa kama kuku kwenye mtama, akapumzika, akadonoa tena kile kile. Mafundi wana desturi yao: mkono mbovu hausomwi, maana ukimsoma mjinga utakuwa umempa cheo. Halafu Bartholomayo alijua fika ametoka wapi. Fikirini alikuwa amemweka mtu amvuruge. Utani huo, na haukuwa wa kwanza.

Akahamia redio ya kulia. Fikirini akaingia peke yake, safi.

"Mchagua nazi hupata koroma," alipiga. "Mtani, wewe husikii redio. Unasikia mwiko tu."

Bartholomayo akaandika huku anacheka. Fikirini aliwahi kula kwao, akaona jinsi Anjelina anavyomwita mumewe mezani. Neno moja tu la simu ndilo mke huyo alilokubali kujifunza, na alilipiga kwa mwiko kwenye ukingo wa chungu: kugonga ndiyo nukta, kukwaruza ndiyo mstari. Mkwaruzo wa mwisho aliuvuta hivyo hivyo mpaka mume atokeze mlangoni.

Akaizima redio ya kushoto. Kutwa hakukosa neno. Alasiri alianza kuimba, akajiona anavuka barabara za Dar na viatu vipya, Anjelina nyuma yake na mwavuli. Alipanga na maneno ya kumwambia Bwana: hii ya kushoto rudisha, inaokota takataka.

Ndipo Fikirini akapiga, "Bwana amefika? Aliondoka na shemeji jua linachomoza."

"Bado. Mteremko wa Newala una matope," akajibu. "Na kuku wako mwambie akalale, nimekwisha kumzima."

"Kuku gani?"

"Yule uliyemweka anivuruge."

"Sijaweka mtu. Niko peke yangu tangu asubuhi."

"Acha utani."

Fikirini akapiga taratibu, mkono wake ukiwa umebadilika. "Haki ya Mungu, Bartholomayo, sikutanii."

Miaka yote hiyo Fikirini hakuwahi kumwita kwa jina. Bartholomayo akanyoosha mkono, akaiwasha redio ya kushoto. Akaipiga kofi kana kwamba kofi lingeiharakisha. Taa ikawaka, mvumo ukaja, radi zikaja.

Mharibifu alikuwa bado yupo. Sasa alidonoa kwa shida, akinyamaza sana kati ya herufi na herufi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Bartholomayo akachukua penseli na kumsoma.

N.

J.

O.

Kimya. Kisha herufi ya nne ikaanza: mstari, mstari, na mstari wa mwisho ukavutwa, ukavutwa, wala haukukatika mpaka betri ya Landrova ilipokwisha.