Kima na Mfalme wa Kwenye Kompyuta

Mola atujalie moyo wa Kima, ila akili atupe nyingine. Kima alikuwa akicheza mchezo wa kuteka nchi, yeye zamu yake na kompyuta zamu yake. Alikuwa amebakiwa na mji mmoja tu, aliouita Siwema, jina la marehemu mama yake. Aliyepakana naye mchezoni ni Mfalme Fisi, anayeendeshwa na kompyuta.

Kima akampelekea dhahabu. Fisi akajibu, “Urafiki wetu udumu milele.”

“Kumbe muungwana!” Kima akasema, akawaachisha kazi askari wake wote ili mishahara yao aiongeze kwenye zawadi.

Rafiki yake Nungunungu, aliyeketi kando yake akitazama mchezo, akamwonya, “Ndugu yangu, huyo hasikii salamu. Anaangalia mikuki tu.”

“Astaghfirullah! Jirani hadhaniwi vibaya.”

Zamu iliyofuata, Fisi akauvamia mji wa Siwema na kuutia moto.

“Mfalme, si tulipatana?” Kima akalia.

“Urafiki wetu udumu milele,” Fisi akajibu, huku akiendelea kuchoma.

Kima akamgeukia Nungunungu. “Basi nisiwe mwema tena?”

“Kuwa mwema, ndugu yangu. Mimi huwasalimia majirani wote kila asubuhi, ila miiba yangu sijaivua hata siku moja.”