Maji ya Nanaa

Tumbo la mume wangu lilikuwa linakataa kila kitu tangu juzi, hata maji ya wali. Mchana ule nilichuma tena nanaa pale karibu na pampu, nikapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Viganja vilikuwa vimeshageuka kijani na viwiko viliniuma.

"Mama, lete nisage mimi," alisema mkaza mwanangu.

"Wewe unaacha vijiti. Vitamkwaruza koo."

Nikakamua majani kwenye kitambaa, nikatia ndimu na chumvi nyeusi kidogo, nikampelekea kitandani.

"Wewe, unasikia? Kunywa."

"Mimi mbuzi?" alinong'ona. "Kila saa majani."

"Mbuzi angekuwa ameshamaliza."

Akacheka kidogo, akameza vijiko viwili. Cha tatu kilimtoka pembeni mwa mdomo, kikateremka shingoni polepole, mstari wa kijani mpaka kwenye mto. Hakuufuta.

"Wewe, unasikia?"

Nilimtikisa bega.

"Baba watoto?"

Hakufumbua macho.

Kwetu Bengali mke hatamki jina la mumewe. Wanasema ukilitamka unampunguzia umri. Tangu niolewe sikuwahi kulitamka. Hata karani wa kura alipouliza jina la mume, nilimwachia mwanangu aseme. Mkaza mwanangu alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa ncha ya sari.

Niliweka kijiko chini, nikamshika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Nibaran," nilisema. Halafu kwa sauti, hata majirani wasikie: "Nibaran!"